Hamsini na mbili

Mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme, nilikuwa fundi mdogo kwenye karakana moja ya Chang'ombe, Dar es Salaam. Kazi yetu ilikuwa kusuka upya mota na transfoma. Masika yalikuwa yamekolea niliposikia jina langu likiitwa: niende Kurasini, peke yangu kwa mara ya kwanza, kwenye kiwanda kidogo cha barafu. Tajiri alitaka kujua kama mafuta ya transfoma yake ya kilovolti 11 bado yanafaa.

Nilifika saa mbili asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na tangi lilikuwa baridi, ukiliegemea unasikia raha. Nikafungua valvu ya chini, nikamwaga mafuta ya kwanza, nikajaza chupa. Pembeni kuna kile kikopo cha kioo ambacho transfoma hupumulia, chenye punje za silika za kunyonya unyevu ndani. Zikiwa kavu huwa za buluu. Hizi zilikuwa za waridi, waridi kabisa kama kashata. Niliziona vizuri tu. Nikaandika "zibadilishwe", nikadandia daladala.

Mashine ya kupimia ina vichwa viwili vya shaba vilivyoachana milimita 2.5 ndani ya mafuta. Unapandisha volti mpaka cheche iruke, mara sita, kisha unatafuta wastani. Nikapata kilovolti 52. Kwa transfoma ya umri ule, hapo umefaulu. Nikajaza karatasi, nikatia saini kwa mbwembwe, tajiri akaja kuichukua mwenyewe.

Fundi mkuu, tuliyemwita Mzee tu, akarudi kutoka kuswali adhuhuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kurasini wanasemaje?"

"Safi kabisa. 52."

"Ulichota likiwa na moto au baridi?"

"Baridi. Umeme haukuwepo."

"Na silika?"

Nikamwambia. Akavua baraghashia yake, akajikuna kichwa. "Umepima mafuta, mwanangu. Maji hayakai kwenye mafuta."

Sikumwelewa, na nadhani ilionekana usoni. Akatia mafuta ya transfoma kwenye kopo, akaliweka juu ya jiko la umeme mpaka yakapata moto wa kutosha. Akachukua kipande cha karatasi ya kaki, ile tunayozungushia waya wa koili, kilichokuwa kimelala mezani tangu asubuhi. Kwa kukishika kilikuwa kikavu, ningeweza kuapa. Akakitumbukiza kwa koleo. Chrrr! Povu likapanda pande zote kama andazi limeingia karaini. Kisha akakata kipande kingine kutoka kwenye koili iliyokuwa ndani ya oveni, akakitumbukiza hapohapo. Kimya. Hata kiputo kimoja hakikutoka.

"Hicho cha kwanza kimekunywa hewa ya Dar nusu siku tu," akasema. "Cha Kurasini kina miaka."

Karatasi hiyo ni nyuzi za mti, na nyuzi za mti zina kiu. Ndani ya transfoma karibu maji yote hujificha kwenye karatasi. Mafuta hubeba kidogo mno. Mashine ikipata moto, karatasi inayatema maji kwenye mafuta. Ikipoa, inayarudisha tumboni. Mimi nilichota yakiwa yamesharudi. Na mgao ndio uliotumaliza: kila ikipoa, mafuta husinyaa na kuvuta hewa ya nje. Hewa ya Kurasini wakati wa masika, kupitia silika iliyoshiba, tena kuwasha na kuzima karibu kila siku!

Kesho yake umeme ulikuwepo. Nikasubiri mpaka saa tisa alasiri, tangi halishikiki, nikachota tena. Chupa ilipopoa karakana nikapima: 24.

Kumrudia mtu aliyeondoka na saini yako si jambo jepesi. Tajiri alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo jana ulinidanganya?" Nikasema hapana. Kisha nikasema ndiyo, kidogo.

Tulipoinua kifuniko tukakuta gasketi imepasuka upande mmoja, na chini yake kutu imechora njia ya maji. Mzee akabonyeza karatasi ya waya wa juu kwa ukucha. Mpya huikati hivihivi, ina ukaidi wa mfuko wa saruji. Hii ilimeguka kama jani kavu la mgomba. Unyevu huzikatakata nyuzi, na karatasi ikiharibika huzaa maji mengine, basi ugonjwa unajilisha wenyewe. Mafundi hukadiria kwamba unyevu ukiongezeka maradufu, umri wa karatasi unabaki nusu.

Nikauliza kama tukiikausha haitapona. Mzee akacheka. Oveni inatoa maji, haiungi nyuzi zilizokatika. Koili mbili zilikuwa bado na nguvu, tukazikausha siku nne kwenye nyuzi joto 100 na ushee. Ya tatu tuliisuka upya, na mkono uliozungusha karatasi safu kwa safu ulikuwa wangu.

Siku ya kukabidhi nilimwomba tajiri anirudishie ile karatasi ya kwanza niliyoitia saini, niichane. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Hii inakaa kwangu," akasema. "Siku mkinizidishia bei, tutaisoma pamoja."