Chunusi: kinga ya mwili inapozidisha ukali

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mafuta huziba kinyweleo, bakteria wakazaliana, mwishowe kipele kikavimba. Uvimbe umewekwa mkiani, na hapo ndipo matibabu mengi yanapokosea. Ngozi ya mwenye chunusi ikichunguzwa kwa hadubini, hata pale panapoonekana safi, seli za kinga hukutwa zimeshakizunguka kinyweleo ambacho bado hakijaziba. Ndiyo maana dawa hupakwa uso mzima, si kudonoadonoa kipele kimoja kimoja.

Bakteria anayelaumiwa, Cutibacterium acnes, anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Tofauti ni namna kinga inavyompokea. Seli za ngozi zikimhisi, hutoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ikiwa intalukini-1. Chembe nyeupe za damu humiminika na vimeng'enya vyake (kemikali za kumeng'enya), na usaha unaouona ni mabaki ya vita hiyo. Vimeng'enya havichagui: hula pia ukuta wa kinyweleo. Ukuta ukipasuka kwa ndani, mafuta na ngozi mfu humwagika nyamani, na mwili huvishambulia kama unavyoushambulia mwiba. Hicho ndicho kijivimbe kigumu kinachouma wiki nzima. Ukikibinya, kidogo hutoka nje na kingi husukumwa chini. Kusugua kwa dodoki nako ni uchokozi uleule.

Dawa zinazofaa hutuliza kinga pia. Adapalini ya 0.1%, dawa ya kupaka, huzuia kuziba na kupunguza uvimbe. Usiku, nawa, acha ngozi ikauke dakika 15 hadi 20, kisha paka kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Wanaoanza kwa pupa huchubuka na kuiacha. Mjamzito asiitumie. Asubuhi, benzoili peroksaidi (dawa ya kupaka inayoua bakteria) ya 2.5% yatosha: ya 10% haiongezi nafuu ya maana, ila huwasha zaidi. (Na hubabua rangi ya taulo na foronya, kwa hiyo tumia nyeupe.)

Doksisaiklini ya vidonge, ambayo ni antibiotiki, husaidia kwa sababu hupunguza pia kasi ya chembe nyeupe, si kwa kuua bakteria tu. Huandikwa na daktari, kwa kawaida isizidi miezi 3, tena pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasijenge usugu.

Subiri wiki 12 kabla ya kusema dawa imeshindwa.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima kwa kidole: panapouma au penye joto bado pana uvimbe. Doa jeusi linalobaki si kovu. Ni rangi iliyomwagwa na uvimbe, na hufifia kwa miezi ukipaka losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi kila asubuhi. Kishimo hakifutiki hivyo. Vijivimbe vya ndani vikianza kuacha vishimo, usizimalize hizo wiki 12, muone daktari wa ngozi sasa.