Msimu wa vimbunga Houston, na sisi tuliozoea mgao wa umeme

Juni mosi hiyo inakuja, na kwa sisi tunaokaa Houston maana yake msimu wa vimbunga unaanza mpaka Novemba 30. Naandika hasa kwa mliohamia juzijuzi, maana mwaka wangu wa kwanza niliona wenzangu kazini wanabeba makatoni ya maji nikasema mi nimekulia Tanga bwana, umeme kukatika naujua.

Kimbunga Beryl kilipopiga tarehe 8 Julai 2024 kilikuwa kategoria 1, ile ya chini kabisa, na bado wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Kwetu ulirudi siku ya sita. Nyumbani umeme ukikatika unafungua madirisha, jiko la mkaa liko uani, maji yapo kwenye ndoo, unapika unalala. Huku nyumba imejengwa kwa ajili ya AC, jiko la umeme, dirisha linafunguka nusu, na joto la Julai likishaingia ndani halitoki hata usiku wa manane. Mama anaishi nasi na anachoma insulini, siku ya pili barafu ikaisha, akaniuliza mbona hamna hata mtungi wa udongo wa kupozea dawa humu ndani, sikuwa na jibu. Dada mmoja Mkongo wa ghorofa ya chini ndo alitusaidia, alikuwa anapata barafu kwa ndugu yake mwenye jenereta akawa anatugawia kila asubuhi, Mungu ambariki.

Kwa hiyo sasa hivi friza langu limejaa chupa za maji zilizoganda, nina feni mbili za kuchaji, dawa za mama za wiki mbili, maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, keshi kidogo maana mashine za kadi nazo zinazima, na makaratasi yetu yote ya uhamiaji nimeyafunga kwenye mfuko usiopitisha maji. Mama nimemwandikisha kwa kupiga 211, jimbo lina orodha ya wagonjwa na wazee wanaoweza kuhitaji msaada, ni bure, ila inabidi uandikishe upya kila mwaka.

Bima ya mafuriko usisubiri habari za kimbunga, kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, na bima ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko. Hata mpangaji anaweza kukatia vitu vyake. Mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017 yaliingia nyumba nyingi ambazo kwenye ramani hazikuwa sehemu ya hatari.

Halafu jamani, nawaomba sana, mkaa usiwashwe ndani. Wala gereji, wala balkoni. Jenereta nayo ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Ile hewa ya sumu inayotoka humo (carbon monoxide) haina harufu, watu wanalala hawaamki, na baada ya Beryl walikufa watu hivyo hivyo hapa mjini.

Jumamosi nampeleka dada wa chini kununua feni, ana watoto wanne na hana gari.