Nilivyofundisha kupima mkono wa mtoto kwa magunzi ya mahindi

Njombe hatuna njaa. Mwezi wa saba mahindi yamejaa kihengeni, viazi vipo, parachichi watoto wanaokota. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa. Mimi ni nesi wa zahanati, watoto hao nawapima kila mwezi.

Nilipotaka akina mama wa kuwatembelea wenzao majumbani na kuwapima watoto wao mkono kwa utepe, kila mtu aliniambia chukua waliomaliza kidato cha nne. Nikachukua sita. Mwaka haujaisha, wanne wako mjini, na waliobaki hakuna aliyewasikiliza. Binti ambaye hajazaa atamwambia nini mama wa watoto watano? Ushauri ule ulinipotezea mwaka mzima. Safari ya pili niliacha kila kitongoji kichague chenyewe. Wakaletwa wanane, wote wazazi. Wawili hawasomi vizuri, na hao ndio ninaowategemea zaidi hadi leo.

Utepe wenyewe unazungushwa mkono wa juu wa mtoto kuona kama amekonda, na una rangi: kijani, yaani yuko salama, ni sentimita 12.5 na zaidi, njano ya tahadhari chini ya hapo, nyekundu ya hatari chini ya 11.5. Tatizo lilikuwa kukaza. Waliuvuta kama wanafunga mzigo wa kuni! Mtoto mzima akasomeka njano, mama yake akatembea na mvua hadi zahanati, nikampima nikakuta kijani. Yule mama alilia kwa hasira, na haki alikuwa nayo.

Usiku ule nikipukuchua mahindi ndipo nikapata jibu. Nilichukua magunzi kumi, nikayaviringishia vipande vya khanga kuukuu, mengine membamba, mengine manene, nikashona. Gunzi lililovikwa linabonyea kama mkono wa mtoto. Utepe ukiacha mfereji, umekaza. Ukiona mwanga chini yake, umelegeza. Kila mmoja alipima yote kumi bila kuona majibu ya mwenzake. Siku ya kwanza kila mtu na namba yake. Siku ya tatu wote wanane walisoma sawa, tukapiga vigelegele. Uzi, chai na viazi, sidhani kama ilizidi elfu thelathini.

Lakini mtoto mwenye miguu yote miwili iliyovimba, ukibonyeza pakabaki shimo, hata utepe ukisema kijani, ni zahanati siku hiyo hiyo.

Majumbani nimewakataza kuhubiri. Wanapika. Bibi mmoja alituambia, "Mjukuu wangu anakunywa uji mara nne, njaa itoke wapi?" Mhudumu wetu akamwamkia, akaomba kijiko, akachota uji na kukiinamisha. Ukamwagika wote kama maji. Akapika mwingine mzito, akatia karanga zilizotwangwa na dagaa wa unga, akainamisha tena. Uji ukang'ang'ania kijiko. "Tumbo la mtoto ni kama ngumi yake, bibi. Ule wa kwanza unalijaza maji." Bibi alinyamaza, kisha akamwita mkwewe aje aangalie.