Maoni ya wasomaji juu ya riwaya ya kijasusi: ninavyoyakusanya hapa Mtwara

Ukimwuliza msomaji aliyetoka kumaliza riwaya ya kijasusi kama ameipenda, atakujibu "nzuri sana, inasisimua", na mazungumzo yameishia hapo. Jibu hilo halimsaidii mwandishi wala mtu anayefikiria kukinunua kitabu. Kwenye kikundi chetu cha usomaji hapa Mtwara mjini swali hilo nimeliacha. Nauliza: ulikiweka kitabu chini ukurasa wa ngapi, na kwa nini? Riwaya ya aina hii inauza kasi, basi tuipime kwanza pale kasi ilipokatika.

Nakala mbili zinawatosha watu wanane hadi kumi, kila mmoja akikaa na kitabu siku nne; ndani ya wiki tatu wote wamesoma. Kila anayepokea kitabu anakuta ndani ya jalada kikaratasi chake, robo ya ukurasa wa daftari, na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi. Penseli isipokuwepo watu husema wataandika baadaye, na hawaandiki. Alama ni nne: S pale aliposimama, R pale aliporudi nyuma kusoma tena, K pale aliporuka kurasa, na M pale alipoanza kumshuku mtu kuwa ndiye msaliti, pamoja na jina la huyo anayemshuku. Mbele ya alama anaandika ukurasa na neno moja la sababu: usingizi, nimepotea, naijua. Sababu ni lazima, maana aliyesimama kwa sababu umeme ulikatika hajasema lolote juu ya kitabu.

Akimaliza, anakunja kikaratasi na kunikabidhi mkononi. Kikibaki kitabuni, msomaji anayefuata atamjua msaliti kabla hajafika sura ya tatu, na taharuki yote imekwisha.

Kabla ya kukutana nahamishia alama zote kwenye daftari kwa mfuatano wa kurasa. Alama tatu au zaidi zikikutana ndani ya kurasa tano, hapo ndipo pa kujadili. Alama ya mtu mmoja inasubiri.

Daftari hilo linafundisha mengi. R hujazana pale mwandishi anapomwaga kanali, katibu na mfanyabiashara katika sura moja, wawili kati yao wakiwa na majina yanayoanza na herufi ileile. K hufuata mapigano. Ngumi zikizidi kurasa mbili, watu wanaruka wakaone nani kabaki amesimama. Wanajua vizuri kwamba jasusi hawezi kufa ukurasa wa 60. Kinachowashika ni muda unaokwisha: meli inang'oa nanga alfajiri, na mwenye nyaraka bado hajulikani. S nazo hulundikana mahali pamoja karibu kila kitabu, pale adui alipomfunga jasusi kwenye kiti na, badala ya kummaliza, akaanza kumweleza mpango mzima. Nakubaliana na wasomaji hawa kabisa. Mwandishi aliyejenga kisa vizuri humwacha jasusi agundue mwenyewe, na msomaji agundue pamoja naye.

M ndiyo ninayoipenda kuliko zote. M za wengi zikiwa kabla ya nusu ya kitabu, zote zikimtaja mtu mmoja, msaliti ameanikwa mapema. Kusipokuwa na M hata moja mpaka afichuliwe, narudi kitabuni kutafuta dalili. Kama mwandishi hakuweka yoyote, wasomaji wanajiona wamedanganywa, na hasira yao ni halali. Kitabu kilichosukwa sawasawa huzaa M zilizotawanyika, kila mtu akimshuku wake.

Siku ya kukutana, jambo linaloweza kuharibu kila kitu ni mpangilio wa kuzungumza. Mzee au mwalimu akitoa uamuzi kwanza, vijana wote watasema "kama alivyosema mzee". Ni adabu, siwalaumu, lakini maoni yamekufa. Kwa hiyo namwomba mzee afungue kikao na atueleze zama ambazo kisa kimewekwa, kisha maoni ya kitabu chenyewe yanaanzia kwa mdogo kuliko wote na kupanda. Hakuna mzee aliyevunjiwa heshima hapo, na vijana wanasema walichokiandika.

Zama hizo si jambo dogo huku kwetu. Wasomaji wenye umri wanampima kila jasusi kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia vitabuni mwaka 1974, lakini wanapima pia kwa waliyoyaishi. Wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, walikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea, mkoani Lindi. Kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Anayeyakumbuka hayo hasomi habari za vifurushi na wapelelezi wa Kireno kama ndoto za mwandishi, na analalamika kwa uchungu pale walinzi wa mpakani wanapouawa kumi kwa mpigo bila hata mmoja kuwa na jina. Akina dada nao wana lalamiko lao, nami naliunga mkono: jasusi wa kike anatambulishwa kwa sifa za mafunzo yake, halafu kazi yake yote ni kuwa chambo.

Kisha kuna ukaguzi. Chukulia sura ambayo jasusi anatoka Dar saa moja jioni na saa nne usiku yuko Lindi, kisa kikiwa cha miaka ya sabini. Nilipoisoma sehemu ya namna hiyo kwa sauti, mzee aliyewahi kuwa utingo wa lori alinikatiza: "Mwanangu, na Rufiji alivuka kwa mbawa?" Natandika ramani mezani tunapiga hesabu. Dar hadi Lindi ni kilomita takriban 450. Kwa saa tatu ni mwendo wa 150 kwa saa bila kusimama. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kilibaki bila lami miaka mingi hata baada ya daraja. Wakati wa mvua mabasi yalinasa humo. Msomaji wa mbali atapita hapo bila kuona kitu. Wa Lindi anaacha kumwamini mwandishi kuanzia hapo.

Silaha nazo zinakaguliwa. Magazini ya Walther PPK ya milimita 7.65 inachukua risasi saba. Jasusi akifyatua ya kumi bila kubadili magazini, kuna mtu amehesabu. Kiwambo cha kuzuia sauti kwenye rivolva ya kawaida hakisaidii, kwa sababu gesi ya baruti inatoroka kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu. Kosa kama hilo moja, watu wanasamehe. Yakifika matatu naandika kwenye daftari kwamba mwandishi hakufanya utafiti, na kurasa naziorodhesha.

Ratiba iendane na mikorosho. Mei hadi Agosti asubuhi ni za kupulizia salfa lakini jioni ziko wazi, na vitabu vinarudi kwa wakati. Oktoba hadi Desemba, korosho zikiwa zinaokotwa na kupelekwa ghalani, usigawe kitabu cha zaidi ya kurasa 150, na muda wa kukaa nacho upandishe kutoka siku nne hadi kumi.