Alhamisi moja ya mwaka 1939

Jana sikutoka nyumbani. Nilikuwa na nguo za wiki nzima za kufua, kabati la kupanga upya, na kwenye simu nilikuwa na rekodi niliyoipakua zamani nikawa naikwepa kwa urefu wake. Ni matangazo ya siku nzima ya kituo cha redio cha WJSV cha Washington, Marekani, ya Alhamisi tarehe 21 Septemba 1939. Yanaanza saa 12:30 asubuhi na kwisha saa 7 usiku. Kituo hicho, kilichokuwa cha mtandao wa redio wa CBS, kilirekodi kila kilichorushwa siku hiyo, mpaka matangazo ya biashara, na rekodi zikahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za nchi hiyo.

Nikajiwekea masharti mawili. Saa yao iwe saa yangu, maana yake niamke nao. Na pia hakuna kuruka wala kurudisha nyuma. Hilo la pili nilikuja kulivunja.

Asubuhi ni ya Arthur Godfrey. Anaweka santuri, anapiga soga, anataja saa. Anaweka nyingine, anataja saa tena. Mwanzoni ilinikera. Kisha nikamwona mtu akinyoa ndevu upande wa pili wa ile sauti, anasikiliza kwa sikio moja asije akachelewa kazini, na kero ikaniisha. Hata tangazo la biashara Godfrey analisoma kama anayemtania mwenye bidhaa.

Baadaye asubuhi hiyo zinaanza tamthilia, na hapo ndipo nilipokaa zaidi. Kila moja robo saa, moja ikitoka nyingine inaingia, hadi mchana. Yumo Helen Trent, mwanamke aliyevuka miaka thelathini na mitano na bado anatafuta mapenzi, na wamo Goldberg, familia ya Kiyahudi iliyobuniwa na Gertrude Berg, ambaye aliandika mwenyewe na kuigiza mama wa nyumba hiyo. Kinanda kikinguruma, ujue mambo yameharibika. Wadhamini wengi wa michezo ya namna hii walikuwa watengenezaji wa sabuni, na ndiyo maana Wamarekani wanaiita michezo ya sabuni mpaka leo.

Inakwenda polepole mno! Niliacha watu wawili wakiagana mlangoni, nikaenda kuanika mashuka, nikarudi bado wanaagana. Nilicheka peke yangu. Lakini nikiwa na mikono kwenye povu nilianza kuona ufundi wake. Mwandishi alimjua msikilizaji wake: mama ambaye maji yanachemka, mtoto analia, mtu anabisha hodi. Huyo hawezi kufuata mambo yanayokimbia. Kwa hiyo lililosemwa linasemwa tena kwa maneno mengine, na wahusika wanaitana majina kila mara kwa kuwa hakuna sura ya kuwatambulisha. Nilikosa dakika tano nzima na sikupotea hata kidogo. Tamthilia za leo ukiinama kuokota kijiko umeshapoteza uzi.

Halafu saa 8 mchana mambo yakageuka. Kumbuka Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimetangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 mwezi huohuo, na siku hiyohiyo ya Alhamisi waziri mkuu wa Romania, Armand Călinescu, aliuawa. Rais Roosevelt akaingia bungeni kuomba zuio la kuuza silaha nje liondolewe. Sauti yake haina haraka. Akafika mahali akasema anajuta kwamba Bunge lilipitisha sheria ile, na anajuta vilevile kwamba yeye aliitia saini. Hapo nikavunja sharti: nilirudisha nyuma nisikie tena. Rais anasema hivyo hadharani, na kina mama waliokuwa wakimsikiliza Helen Trent muda mfupi uliopita bado wamekaa palepale, redio ileile.

Mwanangu alikuwa amekuja kutafuta chaja.

"Mama, huyo nani anahutubia?"

"Rais wa Marekani. Wa zamani sana."

"Kuna vita?"

"Ipo. Ila kwao haijafika."

Akasikiliza kidogo, akaichomoa chaja yangu, akaondoka nayo.

Baadaye kukawa na besiboli, Washington na Cleveland. Mchezo huo siuelewi ukiwa mbele ya macho yangu, sembuse gizani. Niliruka. Sharti likafa rasmi.

Jioni ndiyo niliyokuwa naingojea, wakati nyumba nzima inajaa sebuleni kuzunguka redio moja. Wakafungua na Amos na Andy. Kipindi hicho kilianza mwaka 1928 na kilipendwa kupita kiasi. Wahusika wake ni watu weusi, wanaoigiza ni wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakikipinda Kiingereza ili watu wacheke. Nilijua kabla sijasikia, lakini kujua ni kitu kingine. Nilichowaza ni zile sebule za watu weusi humohumo Washington. Nao walikuwa na redio, nao walikaa na watoto wao jioni ile. Baba alicheka? Alizima? Rekodi inatoa sauti ya upande mmoja tu.

Nilipumua kipindi cha Major Bowes kilipoingia, saa nzima ya watu wasiojulikana wanaojaribu bahati zao mbele ya kipaza sauti. Frank Sinatra alipitia hapohapo mwaka 1935 akiwa kijana na wenzake watatu. Kuna uzuri fulani katika sauti ya mtu anayeogopa, na redio haimpi pa kujificha.

Usiku mkubwa unabaki kwa bendi za dansi. Hakuna anayeongea sana tena. Godfrey alikuwa wa mtu anayewahi kazini, hizi tarumbeta ni za mtu aliyekataa kulala. Nilizima taa, nikabaki na kifaa sikioni, bendi ya Louis Prima ikiwa imechangamka kana kwamba hakuna aliyehutubia chochote mchana ule.

Nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nimekuta simu imekufa, chaja bado iko kwa mwanangu, na ile nusu saa ya mwisho sijaisikia.