Nambari Niliyoiona Peke Yangu

Siku ya kuandikisha makurutu wa polisi, mbio nilizimaliza pamoja na watu wa mbele. Kimo, futi 5 na inchi 8, nilikuwa nacho na ziada. Meno yalihesabiwa, nikaamriwa nitembee bila viatu ili afande atazame nyayo zangu kama ni bapa, nikageuzwa huku na huku kama dume la ng'ombe mnadani. Vijana wengi waliofika uwanjani alfajiri wakiwa na vyeti ndani ya bahasha za kaki walikuwa wamesharudi makwao. Sisi tuliobaki tulikaa chini ya mwembe, vifua wazi, tukizungumzia Kiganjo, chuo cha mafunzo ya polisi, kana kwamba tumeshafika: baridi ya Nyeri, gwaride, barua ya kwanza ya kuandika nyumbani.

Ilibaki meza ya daktari, nayo haikunitia wasiwasi hata kidogo. Huku kwetu pwani ya Kilifi mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kusema dau linaloingia ni la nani. Herufi za kwenye karatasi ya ukutani nilizisoma mpaka mstari wa chini. Ndipo daktari, mama mmoja mpole, akavuta kitabu chembamba na kukifungua mbele yangu.

Kila ukurasa ulikuwa na duara lililojaa vidoa, vikubwa kwa vidogo. "Nambari gani hiyo?"

"Kumi na mbili."

Ukurasa huo kila mtu huusoma, hata asiyetofautisha rangi. Umewekwa mwanzoni ili ijulikane kwamba swali limeeleweka. Uliofuata nikasema tatu. Halafu tano. Halafu sabini. Daktari alikuwa akiandika tu, bila kuinua uso. Tulipofika mahali nikasema ishirini na moja, kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliguna. Yeye alikuwa akiona sabini na nne.

Zikaja kurasa ambazo kwangu hazikuwa na chochote, vidoa vitupu. Nikasema hivyo. Kisha akafungua nyingine, na humo nambari ilijitokeza bila taabu.

"Sabini na tatu," nikasema, nikifurahi kupata kitu.

Hapo ndipo alipotabasamu. Akamwita sajini aliyekuwa akishika orodha. "Afande, hebu njoo. Unaona nini hapa?"

Afande akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Sioni kitu, daktari. Kwani kuna kitu?"

Yule kijana wa nyuma naye akachungulia. Hakuona. Kwa muda mfupi niliamini nimewashinda wote, pamoja na sajini. Kumbe ukurasa ule umetengenezwa makusudi. Mwenye kuona rangi zote huvurugwa na wekundu na ukijani uliotapakaa kwenye vile vidoa, nambari ikampotea. Mimi wekundu na ukijani havinivurugi, kwa sababu sivitofautishi.

"Umezaliwa hivi, kijana," daktari akasema. "Si ugonjwa wa kukupofusha, wala hauna dawa." Nikamuuliza unahusu nini na upolisi. Akanijibu kwa swali: mtu akivunja duka, mashahidi wakakwambia amekimbilia sokoni na shati jekundu, mwenzake la kijani, utamshika yupi?

Nilikuwa na jibu, ila nililipata nikiwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani. Usiku, chini ya taa za barabarani za rangi ya chungwa, hata huyo mwenye macho kamili shati jekundu huliona la kahawia. Mashahidi wenyewe hukosea rangi kila siku mahakamani. Bado naamini hoja yangu ina uzito. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba polisi wa Uingereza huwapokea watu wa aina yangu, mradi wajue udhaifu wao na wajipange nao. Wanaokataliwa ni wasioona rangi yoyote kabisa. Nilisoma pia kwamba kile kitabu kilitungwa na daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, na kutolewa mwaka 1917. Alikitunga kwa ajili ya kuchuja vijana wa jeshini. Basi kilinikuta kikiwa kwenye kazi yake ileile.

Nyumbani mama hakushangaa kama nilivyotarajia. Alinikumbusha nyanya. Utotoni nilikuwa nikitumwa gengeni narudi na mbichi, nagombezwa, mpaka nikajifunza kuzibonyeza kwa kidole. Maembe nilinusa. Taa za barabarani nilijua ya juu ni ya kusimama. Majani nilisema ni kijani kwa sababu niliambiwa ni kijani.

"Nenda kwa mjomba wako," mama akasema.

Hitilafu hii hubebwa kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za urithi zilizomo mwilini, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Mama mwenyewe kwa kawaida huona vizuri. Ndiyo maana mara nyingi ukiitafuta utaikuta kwa mjomba, na wangu ni fundi cherehani. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akitukabidhi kipande cha kitambaa na kutuamuru tumletee uzi wa kufanana nacho. Sisi tukidhani ni uvivu wa kuinuka.

Nilimtafutia zile duara kwenye simu. Mama alikuwa amenifuata, akachungulia juu ya bega la kaka yake.

"Sabini na tatu," mjomba akasema mara moja. "Kwani wao wanaona nini?"

"Hapo hamna kitu," mama akasema. "Mnanichezea nyote wawili."

Mjomba alicheka mpaka akavua tepu shingoni. Kisha akachukua suruali ya mteja iliyokuwa ikisubiri pindo, akaninyooshea. Nikaitazama, naye akaitazama, tukakosa la kusema, akamwita binti wa jirani aje atuambie ni ya rangi gani.