Michirizi ya ngozi: tazama rangi kabla ya kununua krimu

Anayeuliza dawa ya michirizi, ile mistari inayotokea ngozi ikitanuka haraka, aulizwe kwanza: ina rangi gani? Watu wengi hurukia kwenye krimu bila kujibu swali hili, wakamaliza makopo matatu na mistari iko palepale.

Simama pembeni ya dirisha ili mwanga ukupige ubavuni, kisha vuta ngozi taratibu kwa vidole viwili. Vitabu vingi huonyesha michirizi mipya ikiwa myekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde wekundu huo haujitokezi. Utaona zambarau, au mstari uliokolea kuliko ngozi ya kando yake. Pitisha ncha ya kidole: mara nyingi mchirizi mpya umeinuka kidogo, na huenda ukawa unawasha. Ukikomaa, baada ya miezi kadhaa au mwaka na zaidi, hupauka na kubonyea, na uso wake hufanya vikunjo vidogovidogo, kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikanyooshwa.

Mpya bado una uvimbe na mishipa ya damu inayofanya kazi, kwa hiyo dawa ina cha kushika. Mkongwe ni kovu lililokwisha kutulia. Huo unaweza kulainishwa na kufifishwa, ila anayekuahidi kuufuta kabisa anakuuzia maneno.

Kovu lenyewe liko ndani. Tabaka la juu la ngozi halipasuki, ndiyo maana hakuna damu wala kidonda. Chini yake kuna tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi uimara, na za elastini, zinazoirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Mwili ukitanuka haraka, nyuzi hizo hukatika na kuvurugika. Lakini mvuto peke yake hautoshi kueleza kwa nini wajawazito wawili wenye matumbo sawa hutoka tofauti, mmoja ana mistari tele na mwingine hana hata mmoja. Urithi una nguvu hapa. Ukiwa na mama au dada aliyepata, nawe uko karibu zaidi kupata. Homoni nazo zimo, hasa kotisoli, ambayo hupunguza utengenezaji wa nyuzi mpya.

Mistari hukata njia ya mvuto. Kijana anayerefuka ghafla hupata mistari ya kulala mgongoni, imepangana kama ngazi, na kuna vijana walioshukiwa kuchapwa fimbo kwa sababu yake. Wanyanyua vyuma huipata mabegani na karibu na kwapa. Wajawazito huipata tumboni, nyongani na kwenye matiti, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hujitia wenyewe bila kujua: krimu zenye steroidi kali, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, mfano klobetasoli na betamethasoni. Zikiandikwa na daktari kwa ugonjwa wa ngozi na zikatumika kwa muda alioweka, ni dawa nzuri. Balaa huanza mtu anapozipaka kila siku kwa miezi ili ang'ae, au anapozitumia kwenye mikunjo ya kwapa na kinena, ambako ngozi ni nyembamba na dawa hupenya kwa wingi. Ngozi hukonda, kisha mistari mipana hutokea bila unene wala ujauzito. Soma orodha ya viambato kabla ya kupaka. Aliyeandikiwa dawa hiyo afuate kipimo: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza ni takribani gramu 0.5, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Wengi hupaka mara tatu ya hapo.

Sasa matibabu. Kwa michirizi mipya, dawa ya kupaka yenye ushahidi unaoeleweka ni tretinoini, ya jamii ya vitamini A. Sehemu nyingi haiuzwi bila cheti cha daktari. Jaribio la mwaka 1996 lilitumia krimu ya asilimia 0.1 kila siku kwa wiki 24, na mistari michanga ilipungua urefu na upana. Ilipungua, haikutoweka. Anayeanza kwa kawaida hupewa nguvu ndogo, asilimia 0.025 au 0.05. Oga, jikaushe, subiri dakika 20 hadi 30 ngozi ikauke kweli, kisha paka utando mwembamba juu ya mistari tu, usiku. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja na kuruka miwili. Ngozi ikivumilia, ruka mmoja, baadaye kila usiku. Mafuta ya kulainisha yafuate juu yake.

Wengi huharibu hapa. Ngozi ikianza kubanduka na kuchoma, huona ndiyo dawa inafanya kazi, wakaongeza. Kubanduka kidogo si neno, lakini mwasho unaochoma kwenye ngozi nyeusi huacha mabaka meusi yanayokaa miezi, na hapo unakuwa na matatizo mawili. Simamisha siku kadhaa, kisha rudi na mapengo marefu zaidi. Mjamzito na anayetafuta mimba wasiiguse kabisa. Anayenyonyesha aulize daktari kwanza. Retinoli ya dukani ni ndugu yake dhaifu, na marufuku ya mjamzito inaihusu vilevile.

Siagi ya kakao na mafuta ya zeituni yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 6 yenye wanawake 800 na haukupata ushahidi mzuri kwamba dawa za kupaka huzuia michirizi ya ujauzito. Hata hivyo sisemi uyatupe. Ngozi kavu inayovutwa huwasha, na mafuta hupunguza mwasho huo. Yanunue kwa sababu hiyo, tena ya bei nafuu. Limau na magadi, hapana: limau likikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi, na kusugua hakufiki kwenye tabaka lililokatika.

Michirizi iliyopauka ndiyo ya kliniki. Kuchomwa kwa sindano ndogondogo, zinazoingia takriban milimita 1.5 hadi 2.5, huichokoza ngozi itengeneze kolajeni mpya. Kazi hiyo hutaka awamu kadhaa, kwa kawaida 3 hadi 6, zikiachana wiki 4 au zaidi. Kirola cha nyumbani chenye sindano za milimita 0.2 hakifiki huko. Chenye sindano ndefu kinafika, pamoja na vijidudu vya bafuni. Leza, yaani mashine za mwale mkali wa mwanga, zipo za aina nyingi. Ile iitwayo leza ya rangi (pulsed dye laser), yenye mawimbi ya nanomita 585 au 595, hulenga mishipa ya damu, kwa hiyo kuipeleka kwenye mstari mweupe ni kupoteza fedha. Zile zinazotoboa vijishimo vya joto hurekebisha uso wa mistari mikongwe. Mwenye ngozi nyeusi aombe sehemu ndogo ijaribiwe kwanza, kisha angoje wiki 4 hadi 6 aone kama patakuwa peusi. Kliniki ikikataa kujaribu, tafuta nyingine.

Asiyetaka hayo yote, krimu ya kupaka rangi ya ngozi hukaa siku 5 hadi 7 na inatosha kwa shughuli. Jua halisaidii: ngozi ya kando hukolea na mstari mweupe ndio unaonekana zaidi. Anayetibu apige picha kila baada ya wiki 4, dirisha lilelile na saa ileile, maana taa ya juu huficha mabonde na ya pembeni huyakuza.

Mambo mawili si ya urembo. Mjamzito akitoka vipele vinavyowasha vikianzia ndani ya michirizi ya tumbo na kuacha kitovu, mara nyingi ni upele wa ujauzito usio na hatari, unaotulizwa kwa dawa. Akiwashwa viganja na nyayo bila upele wowote, hasa usiku, aende hospitali akapimwe ini siku hiyohiyo.

La pili ni mistari ya zambarau iliyo mipana kuliko sentimita 1, pamoja na uso kuvimba mviringo, ngozi kuvilia damu kwa kuguswa tu, na mapaja kukosa nguvu ya kuinuka kwenye kiti. Hiyo huashiria kotisoli iliyozidi mwilini, ama kwa ugonjwa ama kwa dawa za steroidi. Ukiwa unameza dawa hizo, usiziache ghafla: tezi zako zinazotengeneza kotisoli zimezoea kupumzika, na dozi lazima ipunguzwe hatua kwa hatua na aliyekuandikia.